Kamusi iliyokatikia kwenye flashi: kisa cha faili ya Word ya kurasa 318

Usuli

Mwenye faili ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anayeishi kwenye kituo kidogo cha biashara kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Kwa miaka minne amekuwa akikusanya maneno ya lugha yake ya mama na kuyaeleza kwa Kiswahili. Jina lake, jina la lugha na majina ya saiba (maduka ya intaneti) zilizohusika yameondolewa, na mambo madogo mawili matatu yamebadilishwa ili asitambulike. Hapa tutamwita Mwalimu.

Kazi yote ilikaa ndani ya faili moja, kamusi.docx. Siku ya ajali ilikuwa na kurasa 318 na vidahizo (maneno yanayoelezwa) 6,412 vilivyopangwa katika safu mbili. Ilikuwa imegawanywa sehemu 22, kila herufi na sehemu yake, na vijajuu vyake vilijiandika vyenyewe neno la kwanza na la mwisho la ukurasa. Ilikuwa pia na tanbihi na picha 31 za mimea, vyombo na zana za uvuvi, zote zimepigwa kwa simu. Uzito wake ulikuwa MB 27.4.

Uzito huo una habari yake. Faili ilipokuwa maandishi matupu haikufika hata MB 1, na Mwalimu alikuwa akijitumia kwa barua pepe kila Ijumaa. Picha zilipoanza kuingia, faili ikavimba. Gmail hupokea viambatisho hadi MB 25. Vikizidi hapo huvipeleka Drive, hifadhi ya Google ya mtandaoni, na kutuma kiungo tu. Drive ya Mwalimu nayo ilikuwa imejaa, kwa kuwa zile GB 15 za bure hugawanywa kati ya barua, Drive na picha, na simu yake ilikuwa ikipandisha picha za familia humo bila yeye kujua. Alijaribu mara mbili, akagomewa mara mbili, akaacha. Tangu hapo nakala pekee ya kamusi ilikuwa kwenye flashi ya GB 8 iliyoning'inia kwenye funguo zake.

Mwalimu hana kompyuta yake. Anafanya kazi saiba, na mashine za saiba aliyoizoea zina programu ya kugandisha diski: mashine ikizimwa na kuwashwa, diski inarudi ilivyokuwa mwanzo na chochote kilichowekwa humo kinatoweka. Kwa mwenye saiba hiyo ni kinga nzuri dhidi ya virusi. Kwa mteja maana yake ni kwamba hata zile nakala za dharura ambazo Word huziweka kila baada ya dakika 10 haziwezi kumfaa, kwa sababu nazo hukaa kwenye diski hiyo hiyo.

Mfuatano wa matukio

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mwalimu alikuwa ameitoa faili kwenye flashi na kuiweka kwenye skrini ya mwanzo ya mashine, kama anavyofanya mara nyingi. Aliongeza vidahizo 43, akahifadhi, akafunga Word. Kijana wa saiba akainakili kuirudisha kwenye flashi, akakubali iandikwe juu ya ile ya zamani. Kwa flashi inayoandika MB 4 hivi kwa sekunde, kazi hiyo ni ya sekunde saba. Stima ilipotea ndani ya sekunde hizo saba, na mashine haikuwa na UPS, ile betri ya akiba.

Stima iliporudi, mashine iliwaka ikiwa imesafishwa. Kwenye flashi, hata hivyo, kamusi.docx ilikuwepo na ilionyesha MB 27.4 kamili.

“Mwalimu, iko sawa, saizi ni ile ile,” kijana akamwambia.

Mwalimu akalipa, akaenda zake.

Jumatatu aliingia saiba nyingine. Word ikasema faili ina maudhui yasiyosomeka, ikauliza kama iyaokoe. Mhudumu akabofya ndiyo, ikakataa kabisa kufunguka. Katika dakika ishirini zilizofuata yalifanywa mambo matatu, yote kwa nia njema. Windows ilipendekeza kukagua flashi na kuirekebisha, mhudumu akakubali. Ukaguzi ukaacha folda iitwayo FOUND.000 yenye faili za .CHK. Kisha akaifungua kamusi kwa njia ya Word ya kuokoa maandishi kutoka faili yoyote. Njia hiyo huchota herufi zinazosomeka ndani ya faili na iliyafaa sana mafaili ya .doc ya zamani, lakini ndani ya .docx maandishi yamebanwa, kwa hiyo ilileta mamia ya kurasa za alama zisizo na maana. Akidhani huenda humo kuna kitu, alizihifadhi kwenye flashi ile ile kwa jina kamusi_mpya.docx. Mwisho aliipandisha faili kwenye tovuti ya kukarabati hati, ambayo iliomba malipo kwa dola.

Hapo Mwalimu akanyoosha mkono. “Wacha kwanza, kijana wangu. Usiiguse tena.” Alichomoa flashi, akaitia mfukoni, na Jumanne asubuhi akapanda matatu hadi Kisumu kwa fundi aliyeelekezwa. Katika kisa kizima, huo ndio uamuzi uliookoa vingi zaidi.

Ndani ya .docx kuna nini

Mtu akijua umbo la faili hii, hatua za fundi zinaeleweka zenyewe. Faili ya .docx, iliyoingia na Word 2007, ni kifurushi cha ZIP kilichobadilishwa jina. Ndani yake mna faili nyingi ndogo. word/document.xml ina maandishi makuu. word/styles.xml ina mitindo, yaani kwamba kidahizo kiwe cha herufi nene na maana iingie ndani kidogo. word/numbering.xml ina namba za orodha. Picha ziko kwenye word/media. word/_rels/document.xml.rels ni daftari linalosema picha namba fulani iko kwenye faili ipi. Juu kabisa kuna [Content_Types].xml, inayotaja aina ya kila kilichomo.

Kifurushi cha ZIP kina kasoro moja inayowaponza watu: fahirisi yake iko mwishoni. Programu inayokifungua huanza kwa kusoma mkia ili ijue kila kitu kiko wapi. Mkia ukipotea, mlango haufunguki, hata kama bidhaa zote zimo ndani salama. Ila kuna upande wa heri. Kila faili ndogo ina kichwa chake chenye jina na ukubwa wake, na Word inapopanga kifurushi huweka document.xml karibu na mwanzo, picha baadaye, mitindo na namba kuelekea mwisho. Faili iliyokatika katikati kwa kawaida imepoteza mapambo na kubaki na maneno. Mwenye kamusi angechagua hasara, angechagua hiyo hiyo.

Na ile saizi iliyomdanganya kijana? Windows inaponakili faili hutenga nafasi yote kwanza, kisha hujaza. Stima ikikatika katikati, jina na ukubwa vinakuwa vimeshaandikwa, lakini sehemu isiyojazwa hubaki na chochote kilichokuwa hapo zamani. Kwa hiyo saizi kuwa sahihi haithibitishi lolote.

Kazi ya fundi, na sababu za kila hatua

Kabla ya yote, fundi aliinakili flashi yote, baiti kwa baiti, pamoja na nafasi zinazoonekana tupu. Alitumia laptopu yenye Linux iliyozimwa kufungua flashi kiotomatiki, kwa sababu Windows hupenda kuandika folda zake kwenye flashi mara tu inapochomekwa. Alihakikisha kwa `lsblk`, amri inayoorodhesha diski, kwamba flashi ndiyo iliyopewa jina sdb, kisha:

`sudo dd if=/dev/sdb of=flashi.img bs=4M status=progress`

Ukizibadilisha if (inakosomwa) na of (inakoandikwa) mahali, unafuta flashi ya mteja bila kuulizwa swali, ndiyo sababu ya `lsblk` kutangulia. Kazi ilichukua dakika nane kasoro. Flashi ikarudi mikononi mwa Mwalimu, haikuguswa tena, na kazi yote iliyofuata ilifanyiwa ile nakala.

Kisha akatazama ncha mbili za faili. Kwa `head -c 8 kamusi.docx | xxd` alipata 50 4B 03 04 14 00 06 00, ambao ndio mwanzo wa kawaida wa faili ya Office. 50 4B ni herufi PK, za Phil Katz aliyeuanzisha mfumo wa ZIP mwaka 1989. Mwishoni, ndani ya baiti 22 za mwisho, alitarajia 50 4B 05 06, alama ya mwisho wa fahirisi. Haikuwepo. Kuanzia MB 11.6 hivi kulikuwa na vipande vya picha za zamani, mabaki ya ratiba ya mazishi iliyowahi kubebwa na flashi hiyo. Sasa tatizo likawa na jina: kifurushi kimekatika kwenye MB 11.6, sehemu ya mbele huenda ni nzima.

Hakupoteza muda kujaribu tena ukarabati wa Word wenyewe, kwa kuwa ulishashindwa na sababu imeshajulikana. Aliamuru:

`zip -FF kamusi.docx --out okoa.zip`

Amri hii haiitafuti fahirisi. Hupita kifurushi chote ikitafuta kichwa cha kila faili ndogo na kutengeneza fahirisi mpya. Ilirudisha document.xml, daftari la picha, vijajuu, tanbihi na picha 13. Picha 18, mitindo, namba, mipangilio na fonti havikupatikana. `unzip -t` ilithibitisha kwamba document.xml ni nzima, na `xmllint --noout` kwamba hakuna alama iliyofunguliwa ikaachwa wazi. (Faili zote ndogo zilionyesha tarehe 1 Januari 1980. Word huandika hivyo kila mara. Si dalili ya uharibifu, ingawa imewatisha wengi.)

Maneno yote ya Mwalimu yalikuwa yamepatikana, pamoja na yale 43 ya Jumamosi, kabla ya saa tano asubuhi. Sehemu iliyobaki ndiyo iliyokula siku.

Bila styles.xml, kamusi ni mkururo wa maandishi ya sura moja. Kuipanga upya kwa mkono ni kazi ya wiki kadhaa. Fundi aliamua kutafuta mitindo katika toleo la zamani la faili hiyo hiyo. Aliendesha PhotoRec juu ya flashi.img. Programu hii ya bure haijali majina wala folda. Hutafuta mianzo ya faili inazozijua, hata zilizofutwa. Ilileta faili tisa za .docx, nyingi zimevunjika. Mbili zilifunguka: kumbukumbu za mkutano wa chama, na kamusi yenyewe ilivyokuwa wiki 11 nyuma, ikiwa na vidahizo 5,870 na picha 24.

Ya tatu inauma kuisimulia. Ilikuwa kamusi ya wiki tatu tu nyuma, inaanza vizuri, inakwenda hadi MB 4, kisha inaingia alama zisizosomeka. Mahali ilipokatikia ndipo hasa ilipoandikwa kamusi_mpya.docx siku ya Jumatatu.

Kabla ya kuipandikiza mitindo ya wiki 11 nyuma, fundi alifanya jambo ambalo wengi hulisahau. Word ikikuta aya inayotaja mtindo isioujua, huionyesha kama aya ya kawaida, na ukihifadhi, kule kutajwa kwa mtindo kunafutwa moja kwa moja. Kwa hiyo ni lazima ujue mapema kipi kinakosekana:

`grep -o '<w:pStyle w:val="[^"]*"' document.xml | sort | uniq -c`

Amri hiyo huorodhesha kila mtindo uliotumika na idadi yake. Alilinganisha na styles.xml ya zamani, akakuta mmoja haumo: Methali, uliotumika mara 212. Mwalimu alieleza kwamba aliutengeneza mwezi uliopita ili methali zilale kwa italiki. Fundi aliuandika kwa mkono ndani ya styles.xml, mistari sita, kwa kuiga mtindo wa Mfano na kuongeza italiki. Orodha hiyo hiyo ilitoa kipimo cha uhakiki: Kidahizo, mara 6,412.

Picha zilihitaji hila. Daftari la picha lilitaja faili 31, na 18 hazipo. Word ikikosa faili iliyotajwa hulalamika tena kwamba kuna maudhui yasiyosomeka. Kishawishi kilikuwa kuchukua image14.jpeg ya toleo la zamani na kuiweka mahali pa image14.jpeg iliyopotea. Fundi hakufanya hivyo, na alifanya vyema. Word hupanga upya namba za picha inapohifadhi, hivyo image14 ya jana inaweza kuwa image17 ya leo. Ungepata picha ya chungu juu ya maelezo ya mti. Badala yake alitengeneza JPEG moja ndogo nyeupe, akainakili mara 18 kwa majina yanayotakiwa. Faili ifunguke kwanza, picha zirudishwe moja moja huku mtu anasoma maelezo yaliyo chini yake.

Akarudisha vyote kwenye kifurushi akiwa ndani ya folda yenyewe:

`zip -X -r ../jaribio1.docx .`

Ile nukta ya mwisho ina maana kubwa. Ukifunga folda badala ya vilivyomo ndani yake, [Content_Types].xml inaingia ngazi moja chini na Word inakataa kwa ujumbe ule ule wa mwanzo, nawe unadhani kazi yote imekwenda bure.

Matokeo

jaribio1.docx ilifunguka mara ya kwanza bila malalamiko. Kurasa zilikuwa 316. Tofauti hiyo ya mbili iliisha baadaye, marekebisho yalipokamilika. Hesabu ya vidahizo baada ya kuhifadhi ndani ya Word ilibaki 6,412. Mwalimu alikuwa amekuja na daftari lake la mkono. Walisoma pamoja ukurasa wa mwisho wa daftari na ukurasa wa mwisho wa skrini, neno kwa neno.

Picha 13 zilitoka kwenye faili iliyokatika, 11 kwenye toleo la zamani. Saba zilizoingizwa baada ya toleo hilo zilitafutwa kwenye simu. Nne zilipatikana za asili; tatu zilikuwa zimebaki kwenye mazungumzo ya WhatsApp tu, zikiwa zimeshabanwa.

Orodha za maana zilikwaruzika. Neno lenye maana tatu lilikuwa na namba 1, 2, 3 zilizowekwa kiotomatiki, na orodha zilizotengenezwa ndani ya zile wiki 11 hazikuwemo katika numbering.xml ya zamani, hivyo namba zake hazikuonekana. Zilikuwa orodha 19, zikarudishwa kwa mkono.

Kazi yote ilichukua saa saba, na fundi alitoza shilingi 3,500.

Uchambuzi

Chanzo ni kipi? Ukimuuliza yeyote pale saiba atasema ni stima. Stima hupotea kila wiki na kamusi haipotei kila wiki. Jambo lililogeuza sekunde saba za giza kuwa hatari kwa kazi ya miaka minne ni kwamba hapakuwa na nakala nyingine, na nakala zilikoma siku faili ilipozidi uzito wa kutumika kwa barua pepe. Picha zile zilikuwa zikionyeshwa kwenye safu ya upana wa sentimita 7 huku zikibeba pikseli za kujaza ukuta. Hakuna aliyeona zikifunga mlango, kwa sababu faili yenyewe iliendelea kufunguka vizuri.

Uamuzi wa pili ni ule wa kuandika juu ya faili ya zamani. Kama kijana angeinakili kwa jina jipya, tuseme kamusi_jumamosi.docx, ile ya zamani ingebaki salama pembeni, na hasara ingekuwa vidahizo 43. Flashi ya GB 8 inabeba nakala karibu 270 za faili ya MB 27.4, uhaba wa nafasi haukuwa kisingizio.

Hapa kuna jambo linalokwenda kinyume na mafundisho ya kawaida. Tunawaambia watu wasiandikie moja kwa moja kwenye flashi, wanakili kwanza kwenye mashine, na kwa jumla ni ushauri mzuri, kwa kuwa flashi ni polepole na huchomolewa ovyo. Lakini Word inapohifadhi huandika faili mpya ya muda kwanza, na ikishakamilika ndipo inapobadilisha majina na kuiondoa ya zamani. Stima ikikatika katikati ya uandishi huo, kwa kawaida ya zamani inabaki. Kunakili kwa mkono juu ya faili iliyopo hakuna kinga hiyo. Kwenye mashine iliyogandishwa na isiyo na UPS, ule ushauri wetu wa kawaida ulimnyima Mwalimu kinga aliyokuwa nayo. Na uhifadhi huo wa Word, uliofanyika pengine mara chache moja kwa moja kwenye flashi, ndio ulioacha yale matoleo ya zamani ambayo PhotoRec iliyaokota.

Saiba ya pili isilaumiwe kwa kutojua muundo wa ZIP. Kosa lake ni kuhifadhi kwenye chombo kile kile kinachookolewa. Ukaguzi wa Windows haukuleta madhara makubwa safari hii, ingawa ungeweza. Zile kurasa za alama, kwa upande wake, zilikalia toleo la wiki tatu nyuma. Toleo hilo lingekuwa na mtindo wa Methali, sehemu kubwa ya zile orodha 19, na huenda picha zote saba isipokuwa moja au mbili. Karibu saa tatu kati ya saba za fundi zilikuwa za kulipia uhifadhi huo mmoja.

Tovuti ya kukarabati ni suala jingine. Kamusi ambayo haijachapishwa ilipandishwa kwenye seva ya mtu asiyejulikana, na hakuna njia ya kuirudisha. Bora Mwalimu angeulizwa kwanza.

Kwa upande wa fundi, mpangilio ulikuwa mzuri: nakala ya flashi nzima kwanza, uchunguzi wa ncha mbili, kisha chombo kinachofaa tatizo lililoonekana. Alipokosea ni kwenye namba. Aliihakiki mitindo kwa grep kabla ya kufungua Word, lakini hakufanya vivyo hivyo kwa w:numId, kitambulisho cha kila orodha ya namba, ambayo huorodheshwa kwa amri ile ile ukibadilisha neno moja. Angefanya, angeona orodha zipi hazina tafsiri, na kwa kuwa zote zilikuwa za umbo moja angeziongeza ndani ya numbering.xml kwa kuiga orodha iliyopo, kila moja ikianza tena na 1, akiwa bado kwenye XML. Angemaliza kwa dakika kumi. Badala yake ziligunduliwa siku mbili baadaye, na Mwalimu, akisoma herufi moja baada ya nyingine.

Njia ya kuhakiki nakala pale saiba inafaa kutajwa, kwa sababu kutazama saizi ndiko kunakofanyika kila mahali. Nakili, toa flashi kwa utaratibu, ichomeke tena, kisha fungua dirisha la amri na uandike `certutil -hashfile` ikifuatwa na njia ya faili na SHA256, mara moja kwa ile ya kwenye mashine, mara moja kwa ile ya kwenye flashi. Kila mara utapewa mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi unaotokana na faili; ikifanana yote, faili ni moja. Flashi ichomolewe na kurudishwa kwanza, la sivyo Windows inaweza kukusomea kilichobaki kwenye kumbukumbu yake badala ya kilichoandikwa. Kwa asiyependa amri, kuifungua faili kutoka kwenye flashi baada ya kuirudisha na kushuka hadi ukurasa wa mwisho kunatosha.

Mpangilio mpya

Picha asili zote sasa ziko kwenye folda yake ya peke yake, kwa ajili ya mchapishaji. Ndani ya kamusi zimepunguzwa hadi pikseli 150 kwa inchi kwa kutumia Compress Pictures, amri ya Word ya kupunguza picha, huku alama ya kuhusisha picha moja tu ikiondolewa. Faili imeshuka hadi MB 6.1, na barua pepe ya kila Ijumaa imerudi. Kila siku ya kazi ina jina lake la faili lenye tarehe, na hakuna kinachoandikwa juu ya kingine hadi mwisho wa mwezi.

Mtu mmoja alipendekeza kamusi igawanywe faili 22 na kuunganishwa kwa ile hati kuu ya Word inayobeba hati ndogo. Fundi alikataa. Hati kuu zina sifa mbaya ya kuharibika zenyewe, na kurasa 318 zenye MB 6.1 haziishindi Word.

Zile picha tatu za WhatsApp zinatosha kwa skrini. Kwa kitabu hazitoshi. Mbili ni za mimea, zitapigwa upya mvua zikianza. Ya tatu ni ya mtego wa samaki uliosukwa kwa matete, na aliyekuwa nao ameshauuza. Kwenye ukurasa wa 204 imewekwa alama nyekundu hadi upatikane mwingine.